Matundu Sita Chini ya Milango

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa kuziba matundu sita yaliyokuwa chini ya milango ya pikapu ya Afande Odong, matatu kila mlango. Yalikuwa madogo, hata ncha ya kidole haiingii. Niliyaziba kwa pati ya kujazia bati, nikayapiga msasa mpaka mkono ukipita hausikii kitu, nikayapaka rangi, halafu nikajipongeza. Nilidhani nimetibu kutu.

Naanza na hilo ili mjue mnayesoma maneno yake ni mtu wa namna gani. Hiyo aya fupi hapo juu nimeiandika mara nne. Ndivyo nilivyo. Zamani nikipaka boneti, nilikuwa naipapasa nimefumba macho, kwa sababu vidole huona kile ambacho macho yamechoka kukiona. Chembe moja ya vumbi kwenye rangi ilitosha kunikosesha hamu ya kula. Wako waliosema hayo ni mapenzi ya kazi. Mimi nasema nusu yake ilikuwa woga tu: woga kwamba mtu atainama, ataona kasoro, na atajua kwamba sikufundishwa na yeyote.

Nina miaka thelathini na mitatu na nimestaafu. Chekeni, hata mama yangu hucheka. Kwa miaka kumi na mmoja nilipuliza rangi nikiwa nimejifunga leso puani, na siku moja kifua kikakataa. Daktari aliniuliza navaa barakoa ya aina gani kazini. Nikatoa leso mfukoni nikamwonyesha. Aliitazama muda mrefu, akaweka kalamu chini, akaniambia bunduki ya rangi nisiishike tena. Basi kabla sijawaambia jambo lolote kuhusu msasa au pati, nunueni barakoa ile yenye vichujio viwili shavuni. Kama bado hamjaipata, gari lisubiri. Kutu haiendi popote.

Nawaandikia ninyi mnaonunua pikapu kuukuu, zile zilizobeba ng'ombe na saruji mpaka zikachoka, mkataka kuzitengeneza wenyewe uani kwenu Jumamosi na Jumapili. Wengine nawafahamu: wanafunzi wa chuo cha Kyambogo, hapa Kampala, mnaonisimamisha njiani na kunionyesha picha za kutu kwenye simu kama wagonjwa wanaoonyesha vidonda. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilikulia katika kambi ya polisi, ambako mama alikuwa koplo. Baba alisali kanisani, mama msikitini, na nyumbani tuligombana kwa Kiswahili.

Afande Odong alikuwa dereva wa malori ya polisi, na mama alifanya naye kazi miaka mingi. Alipostaafu alipanga chumba Bwaise, mtaa wa bondeni, akaegesha pikapu yake katika ua waliotumia wapangaji wote. Ilikuwa imeinuliwa juu ya matofali, maana mvua ikinyesha Bwaise maji hayaulizi ua ni wa nani. Ni mtu mrefu, wa Kitgum kule kaskazini, anayepiga pasi hata ovaroli. Siku mama aliponipeleka kwake nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilikuwa nimepaka gari moja tu maishani, la mjomba, ambaye alikuwa mpole mno kusema alichokiona.

"Sikiliza, mtoto ya Koplo," Afande aliniambia. "Mimi nilikuja Kampala juu ya lori ya watu, nimekalia gunia ya simsim. Nitarudi Kitgum na hii gari yangu, mimi mwenyewe nimeshika usukani. Mke yangu yuko kule, anajenga. Watu ya kijiji watasimama barabarani kuona. Basi usiniharibie."

"Sitaharibu, Afande."

"Umesomea wapi hii kazi?"

"Kwenye simu."

Aliitazama simu yangu, akaitazama pikapu, akaitazama simu tena. "Ndani ya simu iko na kutu?"

Swali lake nimelifikiria miaka mingi. Video nilizojifunzia zilitoka nchi za baridi, watu wanapaka magari ndani ya vyumba vyeupe vyenye feni na taa. Hakuna hata moja iliyonionyesha ua wa Bwaise wenye nguo za majirani kwenye kamba, moshi wa mkaa, na kuku anayetaka kulala chini ya mudigadi. Nilijifunza mengi mema humo, sikatai. Lakini simu hukuonyesha gari linalong'aa mwishoni, haikuonyeshi gari hilo baada ya masika mawili.

Sasa niwape jambo la kufanya na mikono. Ukipata pikapu kuukuu usianze na rangi. Vua mazulia ya sakafuni, chukua bisibisi, geuza mpini wake, gonga bati polepole kuanzia miguuni kwa dereva hadi mwisho wa nyuma. Bati zima linalia. Bati lililooza linaguna. Weka alama ya chaki kila linapoguna, usijionee huruma. Mimi nilipoigonga pikapu ya Afande ilibaki na chaki nyingi mpaka jirani mmoja akauliza kama tunachora ramani. Nilikata palipooza, nikaita mchomeleaji aweke vipande vipya, nikapaka rangi ya msingi ya kuzuia kutu, nikajaza pati nyembamba. Pati nene ni uongo, hupasuka. Na msasa usiushike kwa vidole vitupu, uzungushie kipande cha ubao, la sivyo utachimba mifereji ambayo hutaiona mpaka rangi ing'ae, na hapo umechelewa.

Rangi yenyewe ilinifikisha Nateete, kwa Mama Sifa. Ni Mkongo wa Bukavu, anachanganya rangi katika duka dogo la vifaa vya magari, na hajawahi kutumia mashine. Anatumia macho, kijiko, na mfuniko wa kopo. Nilimpelekea kipande cha mlango wa Afande ili atafute kijani kile cha zamani. Alikishika, akakicheka.

"Ndugu, hii jua imeshakula. Unaniletea maiti unataka nijue sura yake?"

"Nikuletee nini basi, Mama?"

"Kuna mahali jua halifikaki. Chini ya kiti. Ndani ya kile kimlango cha tangi ya mafuta. Huko ndiko rangi iko mzima."

Nilirudi na kimlango cha tangi. Alikifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akakiweka kando ya makopo, akaanza: kijani, tone la nyeusi, tone la njano, nyekundu kidogo ambayo sikuielewa kabisa. Kila mara alipaka mfuniko, akautoa nje juani, akaurudisha kivulini, akangoja ukauke. Nilikuwa na haraka, nikamwambia mbona tayari imefanana.

"Rangi mbichi iko muongo," alisema bila kunitazama. "Ngoja ikauke, ndiyo itasema."

Alichanganya mara saba. Ya saba ilipokauka, sikuweza kuona mpaka kati ya mfuniko na kimlango. Mpaka leo sijaona mashine inayomfikia Mama Sifa.

Siku ya kupaka, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na jua likatoka kali. Video zilisema unyevu ni adui, lakini mimi nilitazama jua tu. Nilimwaga maji chini kulaza vumbi, jambo zuri, nikawasha kompresa ya kusukuma upepo niliyoiunda kwa mota ya friji, nikaanza na boneti. Rangi ilitua kama kioo. Nikarudi nyuma hatua mbili kuishangaa, na hapo ardhi ya ua ikafunguka na kumbikumbi wakatoka. Mnajua wanavyotoka baada ya mvua. Walipenda kijani kile kuliko mti wowote. Kwa dakika chache boneti ilikuwa na mabawa.

Majirani walikuja na mabakuli. Mama mmoja muuza mandazi alisimama kando ya gari, akatikisa kichwa. "Banange! Hawa wa kwenye gari tutawala vipi? Wako na rangi!"

"Kula, mama," Afande alimjibu. "Utakuwa kijani, hata mvua haitakushika."

Mimi nusura nilie. Yeye alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakunja mikono ya ovaroli yake iliyopigwa pasi, akachukua msasa wa namba mia sita na maji ya sabuni, akakaa kando yangu, na tukaifuta boneti nzima pamoja bila yeye kunilaumu kwa neno moja. Niliipaka upya baada ya siku mbili. Ilitoka safi.

Na hapo ndipo nilipokutana na matundu sita. Nilikuwa nimelala chini nikikagua ukingo wa milango, nikayaona. Yalikuwa na kutu kidogo pembeni. Nikajisemea: fundi mvivu angeyaacha haya kwa sababu hakuna anayeinama huku. Mimi si mvivu. Nikayaziba yote, nikayapaka, nikaona fahari kwa kazi ambayo hakuna mtu angeiona.

Afande alipokuja kuchukua gari lake alilizunguka mara tatu. Kisha akachukua ndoo. "Nimwage maji kidogo juu," alisema. "Ni desturi."

"Hapana, Afande!" Niliirukia ndoo. "Rangi bado mbichi, maji yataacha madoa."

Aliitazama rangi. Ilikuwa inang'aa kiasi kwamba alijiona mle ndani, mrefu na mwembamba. Akaiweka ndoo chini. "Sawa. Wewe ndio fundi."

Hakuna aliyewahi kuniita fundi kabla ya siku hiyo. Neno lile nililibeba miezi minane.

Safari ya Kitgum ilichelewa kwa sababu nyumba ya mkewe ilikuwa bado haijaezekwa. Masika yakapita, na vuli ikaanza. Siku moja Afande aliingia na pikapu mpaka karibu na Kyambogo, ninapoishi, akasimama mbele yangu na hakuzima injini. Alifungua mlango, akaufunga. Akaufungua tena, akaufunga.

"Unasikia?"

Nilisikia. Chubwi. Chubwi. Kama mtungi unaotikiswa.

"Hii mlango iko na mimba," alisema. "Na huu mwingine pia. Nataka kujua baba ni nani."

Wadogo zangu, ngoja niwaeleze maana mimi sikuelezwa. Maji ya mvua huteremka kwenye kioo cha dirisha na kuingia ndani ya mlango. Huwa yanaingia siku zote, hata kwenye gari jipya. Mlango umetengenezwa uyapokee, uyateremshe hadi chini, na uyatoe kwa matundu. Nilipoisikia chubwi ile niliyaona matundu sita mbele yangu, moja baada ya jingine, na nikajua baba ni nani.

Nikasema: "Ni raba za dirisha, Afande. Zimezeeka, zinaingiza maji."

Uongo wenye chembe ya ukweli ndani yake ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu unasimama. Raba zake zilikuwa zimezeeka kweli. Aliitikia kwa kichwa, akanishukuru, akaondoka. Aliniambia pia, kabla ya kufunga mlango ule wenye maji, kwamba paa limekwisha kuezekwa na mwenye nyumba wa Bwaise ameshampata mpangaji mwingine. Mwisho wa mwezi ujao lazima awe barabarani. Zilibaki wiki tano.

Wiki mbili nzima sikumtafuta. Nilifanya kazi za watu wengine, na kila mlango niliouona niliinama kuangalia chini yake. Kila mmoja ulikuwa na matundu. Hakuna gari Kampala nzima lililokosa matundu isipokuwa moja.

Nilikwenda Nateete kutafuta rangi nyeupe. Mama Sifa alinitazama kabla sijasalimia.

"Mzee yako alipita huku. Amegombana na yule Hajji wa Katwe anayeuzaka raba. Alinunua raba mpya, akaziweka, mvua ikanyesha, mlango umejaa tena. Akarudi akamwita Hajji mwizi mbele ya watu. Nao ni marafiki tangu zamani."

Nilianza kuhesabu pesa za rangi nyeupe.

"Weye ndiye ulimwambia ni raba?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ni raba?"

Nilitazama makopo. Alisubiri. Ana subira ya mtu anayengoja rangi ikauke.

"Si raba," nilisema. "Ni mimi. Niliziba matundu."

Alifunika kopo aliloanza kulifungua. "Leo sikuchanganyii kitu. Mkono wenye uongo utaiharibu rangi. Kwenda kwanza kwa mzee."

Nilikwenda Bwaise mchana uleule kwa miguu sehemu kubwa ya njia, si kwa ushujaa, ila kwa kuchelewesha. Afande alikuwa anafunga vyombo kwenye maboksi. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni: matundu, pati, na kwamba nilijua siku ile ile alipokuja, na kwamba nilisema raba kwa sababu niliogopa.

Alikaa juu ya boksi. Nilitegemea matusi ya kambini, ambayo nayajua yote. Hayakuja.

"Mimi nimemtukana Hajji," alisema. "Miaka ishirini tunakunywa chai pamoja. Nimemwambia ameniuzia raba ya viatu."

"Nitakwenda kumwambia, Afande."

"Utaenda. Na mimi nitaenda. Lakini kwanza leta maji."

Nilileta ndoo. Alichukua msumari na nyundo, akalala chini ya mlango kwa ovaroli yake safi, akapapasa kwa vidole, akatoboa tundu la kwanza palepale lilipokuwa. Maji yalitoka ya rangi ya chai, na vipande vya bati vikatoka nayo. Alitoboa yote sita. Kisha akaniamuru nimwage ndoo juu ya paa, na yeye akabaki kule chini, anahesabu kwa sauti kila mchirizi.

"Kule kwenye malori," alisema toka chini, "kila asubuhi ya ukaguzi tulimwaga maji. Halafu dereva analala chini, anahesabu. Gari lazima ikojoe. Mkubwa alikuwa anauliza hivyo, kwa sauti, mbele ya kikosi: imekojoa? Unajibu: imekojoa, Afande, mara kumi na mbili. Kama umehesabu kumi na moja, hautoki. Hata kama ni kamanda anangoja ndani."

"Ndiyo sababu ulitaka kumwaga siku ile."

"Ndiyo. Na wewe umenikataza, na mimi nimekubali. Niliona inang'aa, nikakuwa kama bwana harusi." Alitoka chini ya gari, maji ya kutu yanamtiririka shingoni. "Basi kosa iko na watu wawili. Lakini uongo iko na mtu moja."

Kesho yake tulikwenda Katwe. Afande alichagua saa nne asubuhi, wakati duka limejaa wateja, kwa sababu ndiyo saa aliyomtukania Hajji. Hajji ni mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ameketi kati ya raba zinazoning'inia. Nilisema mimi kwanza. Alinitazama juu ya miwani.

"Kumbe raba mbovu ni wewe, ssebo."

Wateja walicheka. Nilistahili. Halafu Afande akasimama wima, visigino pamoja, kama yuko mbele ya kamanda wake, akasema kwa sauti ya gwaride iliyofika hadi maduka ya ng'ambo: "Hajji, nilikuita mwizi mbele ya watu. Si mwizi. Raba yako ni nzuri. Mimi ndiye nimekosa."

Hajji aliinuka. Alisogeza gunia la raba pembeni ili pawe na nafasi ya kukaa, akaagiza chai. Nimewaona watu wakisifiwa kwa mambo mengi. Mimi nikitaka kumsifia mtu, namkumbuka mstaafu mrefu anayeomba msamaha katika saa aliyoichagua yeye ili imuumize.

Zilibaki siku kumi na tisa. Chini ya milango palikuwa pameoza mpaka ukibonyeza kwa kidole bati linakatika kama biskuti. Tulikata sentimita nane kutoka chini, mlango mmoja baada ya mwingine. Afande alikunja bati jipya kwa nyundo na kipande cha reli, akapima kwa jicho, nami nikapima kwa rula, na mara nyingi jicho lake lilikuwa sahihi. Tulitoboa matundu sita kabla ya kuchomelea, tukapaka ndani ya mlango mafuta mazito yaliyochanganywa na nta ili kutu isipate pa kukaa. Mnaotengeneza wenyewe, msiipuuze hatua hiyo. Mlango huoza kuanzia ndani, upande ambao hakuna anayeusifia.

Mama Sifa alichanganya kijani kile tena. Safari hii mara nne tu. Aliniuliza kwanza mkono unaendeleaje, nikaunyoosha, akautazama, akafungua kopo.

Niliipaka milango siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi nilifumba macho nikapapasa, na chini ya mlango wa dereva nikakutana na wimbi. Dogo, urefu wa kiganja. Joto la kuchomelea lilikuwa limelivuta bati. Ukisimama hulioni. Ukiinama, jua likiwa upande wa kushoto, unaliona.

"Afande, naomba siku tatu. Nitakwangua, nitajaza, nitapaka upya."

"Kesho asubuhi naondoka."

"Lina wimbi. Watu wa kijijini watasimama barabarani kuona, ulisema mwenyewe."

Aliinama akalitazama. Akapitisha kidole. "Hii?" Akaenda kuleta ndoo, akanipa mkononi. "Mwaga."

Rangi ilikuwa na siku moja tu. Moyo wangu wote ulikataa. Nilimwaga. Afande akalala chini, mimi nikalala upande wa pili, tukatazamana chini ya gari lake huku maji yakidondoka kati yetu.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu. Nne. Tano." Hesabu ikaishia hapo. Tundu la sita lilikuwa limezibwa na tone la rangi, rangi yangu niliyoipuliza kwa uangalifu mno.  Nikachomoa waya mfukoni, nikalizibua mwenyewe, na maji yakaja.

"Sita," nilisema.

"Imekojoa," alisema yeye. "Wimbi iache. Nikiulizwa kule nyumbani nitasema hapo ndipo mtoto ya Koplo alijifunza kazi."

Jumamosi alipakia kitanda, maboksi, meza na kuku wawili, akavaa shati jeupe, akamshukuru mwenye nyumba, akaingia garini. Mama muuza mandazi alimpa mandazi ya safari, akamwambia aangalie asile kumbikumbi wa kijani. Ua mzima ulimsindikiza mpaka barabara ya Bombo. Nilimtazama akienda, na niseme ukweli wangu wote: macho yangu yalikuwa kwenye lile wimbi. Liling'aa mara moja alipokata kona, halafu sikuliona tena.

Alipiga simu siku iliyofuata, mchana. Nilisikia watu wengi nyuma yake, wanawake wanapiga vigelegele, na mtu anagonga bati kwa kiganja jinsi watu wanavyogonga ng'ombe wanayemkubali.

"Mtoto ya Koplo! Mvua imetupiga kutoka Karuma mpaka Gulu. Mvua ya kuvunja kichwa."

"Na milango, Afande?"

"Nimefika, nimesalimia mke yangu, nimelala chini ya gari na shati yangu nyeupe. Watu wanauliza huyu mzee amepata nini." Alicheka. "Sita. Zote sita."

Ilipita miaka mingi kabla kifua hakijakataa, na nilipaka magari mengi baada ya hapo, mengine mazuri kuliko lile. Siku hizi sishiki bunduki ya rangi. Mnaponiletea pikapu zenu naomba ndoo ya maji kwanza, nalala chini, nahesabu, na kama hesabu haijatimia nawarudisha nyumbani na waya wa kuzibulia. Kasoro ndogo zisizomdhuru mtu naziacha. Na nikikosea, namwambia mwenye gari siku hiyohiyo.